Jicho la Kuazima

Lugha ya Kiswahili imeupa ugonjwa mmoja jina la kufikirisha. Ukungu unapotanda ndani ya jicho, ukaipunguza nuru mwaka hata mwaka mpaka mtu asiutambue uso wa mwanawe, husemwa kuwa ana mtoto wa jicho. Na mtoto huyo akishaufunga mlango wa nuru, hutafutwa mtoto mwingine, huyu wa nyama na damu, aje aufungue. Hupewa ncha moja ya fimbo, mzee hushika ncha ya pili, na safari ya wawili hao huanza.

Picha hiyo si ngeni Ipililo, kata ya wilaya ya Maswa katika Mkoa wa Simiyu, nchi ya Wasukuma. Nchi ya pamba, mtama na ng'ombe, isiyoujua upepo wa bahari. Wala si ngeni pwani na visiwani. Mtoto hutangulia, fimbo huwa katikati, mzee hufuata. Penye shimo mtoto huonya. Penye watu humnong'oneza babu ni nani anayemwamkia, ili babu aitikie kwa jina wala asiaibike. Na katika vijiji vya Usukumani, aghalabu nyuma ya wawili hao huandama wa tatu ambaye hakuitwa na mtu: mbwa wa nyumbani, aliyekesha zizini usiku kucha ili fisi asisogee, na ambaye asubuhi hupata ukoko wa ugali ikiwa umebaki.

Wote watatu hupita njia moja. Mmoja husaidiwa, mmoja husaidia, na wa tatu hakuna amfikiriaye. Lakini ziko nchi ambazo huyo wa tatu ndiye aliyepewa kutangulia. Huko mbwa humwongoza asiyeona katika barabara zenye magari, humwamsha mgonjwa wa kisukari usiku sukari yake ishukapo, humlalia ubavuni mwenye kifafa aangukapo, akabweka hadi watu waje. Hapo ndipo lizaliwapo swali ambalo halihusu mbwa peke yake. Je, ni haki uhai wa kiumbe mmoja ufanywe kiungo cha mwili wa mwingine? Na ukishafanywa hivyo, aliyesaidiwa anadaiwa nini?

Kazi hiyo ya mbwa, katika sura yake ya sasa, ililetwa na vita. Mwaka 1916, askari wa Kijerumani walipokuwa wakirudi kutoka medani wamepofuliwa na makombora na gesi ya sumu, daktari Gerhard Stalling alifungua katika mji wa Oldenburg shule ya kuwafunza mbwa kuwaongoza watu hao. Mwaka 1927 bibi mmoja wa Kimarekani aliyekuwa akiishi Uswisi, Dorothy Harrison Eustis, aliandika makala juu ya mbwa wa namna hiyo aliowaona Ujerumani. Kijana asiyeona wa jimbo la Tennessee, Morris Frank, alisomewa makala hayo, akavuka bahari kumfuata mwandishi wake, na mwaka 1928 akarudi kwao na mbwa aliyemwita Buddy. Mwaka uliofuata shule ya The Seeing Eye ikaanzishwa Marekani, na mwaka 1931 jozi nne za kwanza za watu na mbwa wao zikahitimu Uingereza.

Baada ya macho ya mbwa, wataalamu waligeukia pua yake. Mwaka 1989 madaktari wawili wa London waliandika katika jarida la Lancet habari za mwanamke ambaye mbwa wake hakuacha kuinusa alama moja mguuni mwake, hata alipokwenda kupimwa ikabainika kuwa ni saratani ya ngozi. Mwaka 2019 watafiti wa Ufaransa walionyesha, kwa kuwatumia mbwa watano, kwamba mwili wa mwenye kifafa hutoa harufu ya pekee wakati wa kuanguka. Mwaka huohuo zikachapishwa habari za mbwa waliofunzwa Uingereza kunusa soksi zilizovaliwa na watoto wa Gambia. Walizitambua takriban saba katika kila kumi za watoto waliokuwa na vimelea vya malaria, ilhali watoto wenyewe hawakuwa na dalili yoyote ya ugonjwa.

Msomaji wa pwani, kabla ya kuyapima hayo, atakuwa amekwisha kuuliza: na najisi je? Swali lake lina haki ya kujibiwa. Madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao huu, humhesabu mbwa kuwa najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja katika hizo kwa udongo. Wafuasi wa Imam Malik wana rai nyingine. Kwao mwili wa mnyama aliye hai ni tohara. Ila mafunzo yaleyale yaliyoweka hukumu ya kuosha ndiyo yaliyomruhusu mbwa wa msasi, wa mfugaji na wa mkulima. Sura ya al-Maida imehalalisha windo lililokamatwa na mnyama aliyefunzwa. Sura ya al-Kahf imemtaja mbwa aliyejinyoosha kizingitini mwa pango walimolala vijana wa imani. Na ni mashuhuri ile hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani, akateka maji kwa kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akihema kwa kiu, akasamehewa madhambi yake.

Mwaka 2008 msikiti mmoja wa mji wa Leicester, Uingereza, ulimruhusu mwanafunzi asiyeona aje kusali na mbwa wake wa kumwongoza, mbwa akatengewa mahali pake pa kumngojea. Tohara haikuvunjwa, na kijana hakukoseshwa jamaa. Waliolipitisha jambo hilo walitambua tofauti ambayo mazungumzo ya barazani mara nyingi huisahau. Najisi ni hukumu ya kutawadha na kuosha. Haikuwekwa kuwa kipimo cha thamani. Damu nayo ni najisi, na hakuna aliyepata kusema kwamba damu haina thamani.

Likishawekwa kando hilo, hubaki swali lenyewe. Wako wasemao kuwa halina uzito. Kwao mbwa wa msaada ni fimbo iliyoota miguu. Mtu huazima nguvu za ng'ombe alime, huazima mgongo wa punda abebe maji. Kwa nini asiazime macho ya mbwa apate kutembea? Wengine husimama upande wa pili, wakasema kuwa mbwa huyo hakuulizwa. Alichaguliwa akiwa mchanga, akatengwa na mamaye, akafunzwa mwaka na zaidi, akapewa mtu ambaye hakumchagua. Kiumbe asiyeulizwa, wasema hao, ni mtumwa.

Neno hilo la mwisho si la kutupwa ovyo mbele ya watu wa mwambao, ambao soko lao la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 na makovu yake yangalipo katika nasaba na katika lugha. Basi na lipimwe kwa makini. Pande zote mbili zimesahau kuuliza jambo moja: mbwa huyo hufunzwa nini hasa?

Hufunzwa kutii, kisha hufunzwa kutotii. Hili ndilo somo gumu kuliko yote katika shule za mbwa wa kuongoza. Asiyeona huamuru: twende. Mbwa akiona gari linakuja, au mtaro umefunuliwa, husimama pale pale, hata amri ikirudiwa mara ya pili na ya tatu. Na bwana wake hufunzwa naye kutokasirika, kuingoja sababu asiyoiona, na kumsifu aliyemkatalia. Fimbo haina uwezo huo. Ukiielekeza shimoni itakwenda shimoni. Mtumwa aliujua uwezo huo lakini aliadhibiwa kwa kuutumia. Huyu hukataa akashukuriwa. Kwa hiyo yeye si fimbo, wala jina la mtumwa halimwenei sawasawa. Ni mtumishi aliyeaminiwa kuliko bwana anavyojiamini mwenyewe, na kuaminiwa huko ndiko kunakomtoa katika hesabu ya vyombo.

Yako na mambo mengine mawili. Mbwa huyo akivuliwa mkanda wake wa kazi, kazi imekwisha. Hucheza, hulala, huwa mbwa kama mbwa wengine. Akitimiza miaka kumi hivi hustaafu, akabaki kwa bwana wake au akapewa watu wa kumtunza. Na katika muda wote huo hulishwa, hutibiwa na hulala ndani. Ridhaa yake haikuombwa, hilo ni kweli, kwani haiwezekani kuiomba. Lakini penye ridhaa isiyoweza kuombwa, hubaki njia moja ya kumjua mwadilifu: namna anavyolipa. Hivyo hupatikana mizani yenye vipimo vitatu. Msaidizi aweza kukataa? Aweza kupumzika? Hulipwa kwa kile anachokihitaji yeye, au kwa masazo ya yule amtumikiaye?

Mizani hiyo si ya kizungu, wala si ya matajiri peke yao. Tanzania imeitumia, tena kwa mnyama anayedharauliwa kuliko mbwa. Mjini Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO limekuwa tangu mwaka 2000 likiwafunza panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na baadaye kunusa makohozi ya watu wanaoshukiwa kuwa na kifua kikuu. Panya mmoja hupitia sampuli mia kwa muda wa dakika ishirini hivi, kazi ambayo mtu na hadubini yake huifanya kwa siku kadhaa, na huwagundua wagonjwa ambao kipimo cha kwanza kiliwaacha waende zao. Akipatia hupewa ndizi. Akikosea hukosa ndizi, basi. Mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alipelekwa Kambodia, akafichua mabomu zaidi ya mia moja, akatunukiwa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020, akastaafu mwaka 2021, na alipokufa Januari 2022 habari zake zilitangazwa duniani kote. Panya wa Morogoro, kwa hiyo, ana ujira, ana mapumziko, na uzeeni ana pensheni yake ya matunda.

Na sasa mizani ihamishiwe Ipililo, iwekwe mbele ya yule aliyeshika ncha ya mbele ya fimbo.

Mtoto huyo aweza kukataa? Hawezi. Hakuna amtishaye, adabu ndiyo imfungayo. Babu akisema twende mnadani, mtoto haulizi kwa nini, na akiuliza ataambiwa kuwa mtoto mwema haulizi. Aweza kupumzika? Akiwa na bahati ya kuwa na ndugu wengi, naam. Akiwa peke yake, safari za babu ndizo siku zake. Hustaafu? Hustaafu kwa kukua, na mdogo wake akarithi fimbo. Hulipwa? Hulipwa radhi, na radhi ni mali kubwa; lakini mwalimu wa hesabu haipokei mahali pa somo lililopotea. Ada ya shule za msingi iliondolewa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ile ya sekondari hadi kidato cha nne mwaka 2016. Kilichobaki bila kuondolewa na waraka wowote ni saa za mtoto. Mlango wa shule uko wazi, na yeye yuko njiani kwenda mnadani.

Mbele ya makao makuu ya Shirika la Afya Duniani, mjini Geneva, pana sanamu ya shaba ya mtoto amwongozaye mtu mzima asiyeona kwa fimbo. Iliwekwa kwa kumbukumbu ya vita dhidi ya usubi, ugonjwa unaoletwa na vijinzi wa mitoni, ambao uliwapofusha watu wa Afrika Magharibi hata vijiji vikahamwa; mradi mkubwa wa kuutokomeza ulianza mwaka 1974 ukamalizika mwaka 2002. Wapitao hapo humhurumia yule mzee, na ni haki yao. Lakini aliyechonga sanamu ile alichonga watu wawili. Macho ya mzee yalipotea kwa ugonjwa. Ya mtoto ni mazima kabisa, na hata hivyo hayana ruhusa ya kutazama aonapo yeye. Upofu wa mmoja huchukua nuru ya wawili.

Yapo ya kujibiwa hapa, na mwenye insafu hawezi kuyapita. Itasemwa kuwa mtoto si mbwa. Kwamba kati ya mjukuu na babu hupita zaidi ya kazi. Njiani babu husimulia. Humfundisha mjukuu mipaka ya mashamba, majina ya miti, nani alikuwa mtu gani na ni neno gani lililowatenganisha jamaa wawili. Mtoto aliyeshika fimbo miaka mitatu huijua nchi yake kuliko wenzake waliokaa darasani. Na itasemwa pia kuwa huko ughaibuni mbwa ametafutwa kwa sababu majirani wamekosekana. Asiyeona wa mji mkubwa hupewa mnyama ili asimhitaji mtu, ilhali wa Ipililo hajaona fahari katika kutomhitaji mtu.

Maneno hayo ni ya kweli, na ndiyo yanayozidisha deni. Ikiwa mtoto ni zaidi ya mbwa, basi haki yake haiwezi kuwa pungufu ya haki ya mbwa. Ni ajabu kumwambia mtoto kwamba yeye ni mtu, mwenye heshima kupita hayawani, kisha akanyimwa lile ambalo hayawani wa Oldenburg alipewa: ruhusa ya kusimama na kusema hapana, kuna shimo. Shimo la mtoto haliko barabarani. Liko mbele yake miaka kumi baadaye, na yeye peke yake ndiye aliyekaa mahali pa kuliona. Ama hadithi za babu, hazihitaji kusimuliwa saa za shule. Jioni ni ndefu, na anayesimuliwa huku ameshiba masomo yake husikiliza vizuri zaidi.

Hubaki yule wa tatu, anayefuata nyuma. Yeye naye ni msaidizi. Ng'ombe wa Ipililo wamelala salama kwa masikio yake, na mtoto anayechunga mbugani huenda naye kwa sababu ya pua yake. Kazi yake haina mwisho wala staafu. Chakula chake ni masazo, na akizeeka hufukuzwa kwa mawe. Dawa hapewi, na hapo ndipo deni lisilolipwa hujidai lenyewe.

Kichaa cha mbwa huua watu wanaokadiriwa kuwa 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote Afrika na Asia, na takriban wanne katika kila kumi ni watoto walio chini ya miaka kumi na mitano. Kwa Tanzania watafiti wamekadiria vifo vya kiasi cha watu 1,500 kwa mwaka. Dalili zikishaanza, mgonjwa hana tiba. Ilhali kabla ya hapo kidonda kikioshwa mara moja kwa maji na sabuni kwa dakika kumi na tano, na sindano zikachomwa kwa wakati, mtu huokoka, kama alivyookoka yule mtoto wa miaka tisa aliyechanjwa na Louis Pasteur mjini Paris mwezi Julai mwaka 1885. Na chanzo chake chaweza kuzibwa kwa gharama ndogo kuliko matibabu: mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita.

Mkoa wa Simiyu umepakana na Hifadhi ya Serengeti, na huko funzo lilikuja kwa njia isiyotarajiwa. Mwaka 1994 maradhi ya mbwa yaitwayo distempa yaliingia kwa simba wa hifadhi hiyo, na yakafyeka kiasi cha thuluthi yao. Watafiti waliifuata asili yake hadi kwa mbwa wa vijijini pembezoni mwa hifadhi. Mfalme wa nyika aliuawa na ugonjwa wa mlinzi wa zizi ambaye hakuna aliyeona haja ya kumpa sindano. Tangu hapo kampeni za kuwachanja mbwa wa vijiji vinavyoizunguka Serengeti zikapata msukumo mpya, na faida yake ikawafikia simba, mbwa na watoto kwa pamoja.

Visiwani nako kuna ushahidi. Pemba, ambako mbwa hawafugwi sana na wengi huwaepuka kwa sababu za tohara, kampeni za chanjo zilianza mwaka 2010, na baada ya miaka michache kichaa cha mbwa kikatoweka. Chanjo zikalegea; mwaka 2016 ugonjwa ukarudi kutoka nje ya kisiwa, watu wakaumwa tena, na ikabidi kazi ianzwe upya hadi ukakomeshwa mara ya pili. Wapemba hawakulazimika kumpenda mbwa, wala kumwingiza nyumbani, ili wamtimizie haki yake. Wajibu haungoji mapenzi. Na pale wajibu uliposinzia, mauti yaliingia kwa mlango uleule.

Kuna kinaya kimoja katika habari hizi ambacho chastahili kutazamwa na kila mtu, wa bara na wa pwani. Katika vijiji vingi vya Tanzania mtu akianguka kifafa watu hurudi nyuma. Huogopa povu la kinywani mwake, wakiamini kwamba atakayeguswa nalo atapata ugonjwa huo. Wako walioungua kwa moto wa jikoni ilhali watu wazima wamesimama hatua chache, mikono imekunjwa. Na imani hiyo haina msingi: kifafa hakiambukizi kwa povu wala kwa jasho, na dawa ya kukituliza, fenobabitoni, imekuwa mikononi mwa madaktari tangu mwaka 1912, nayo ni ya bei nafuu. Mate yanayoua ni ya mbwa mwenye kichaa, naye hupita uani kila siku bila kuogopwa wala kuchanjwa. Povu lisilo na dhara limewafukuza watu kwa ndugu yao. Mate yenye mauti hayakuwatia hofu.

Mbwa aliyefunzwa kumkaa karibu mwenye kifafa hajui lolote katika itikadi hizo. Yeye husogea. Hulaza mwili wake kando ya mwili unaotetemeka, akangoja. Hapo ndipo mnyama huyo anapomsuta binadamu, kwa kuwa alilofanya halikuhitaji elimu ya udaktari wala fedha. Lilihitaji kutokimbia. Lau watu wa kijiji wangetenda hilo moja tu, wamvute mgonjwa mbali na moto, wamgeuze ubavu, wangoje naye hadi atulie, wangekuwa wametimiza sehemu kubwa ya kile ambacho mataifa tajiri hukinunua kwa makumi ya maelfu ya dola.

Kwa hiyo si lazima Ipililo ingoje shule ya mbwa. Barabara zake si za taa nyekundu na kijani, na anayefunza mbwa mmoja kwa gharama ile angeweza kuwafungua macho wazee wengi, kwani mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi, lenzi mpya ikawekwa, na mzee akarudi kwao akiiona njia mwenyewe. Hilo ndilo deni la kwanza kwa yule mtoto: kwamba mzee atibike, ikiwa upofu wake una tiba. Na kwa mzee ambaye nuru yake haitarudi, deni la pili ni kwamba fimbo isiwe urithi wa mtoto mmoja. Kijiji kilichoweza kugawana zamu za kulima na za kuchunga hakishindwi kugawana zamu za njia: kijana leo, jirani kesho, mtoto baada ya kengele ya mwisho ya shule. Deni la tatu ni sindano moja kwa mwaka kwa yule anayefuata nyuma, na bakuli la maji kivulini.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, wakikusudia kwamba asiyetoa asitarajie kupewa. Mbwa wa Ipililo ameukanusha msemo huo maisha yake yote: ameulamba mkono mtupu, akakesha kwa ajili yake. Mtoto naye ameukanusha kwa namna yake, kila asubuhi aliposhika fimbo bila kuuliza. Wote wawili wameonyesha kwamba msaada waweza kutolewa bila malipo. Hawajaonyesha kwamba ni haki usilipwe. Hilo la pili ni juu ya aliyesaidiwa, na ni juu yake kulisema kabla msaidizi hajaomba, kwa sababu mmoja hana ulimi wa kuomba, na mwingine amefundishwa kwamba kuomba ni utovu wa adabu.

Basi huenda siku moja, katika njia ya kata ile, mzee akasikia kengele ya shule kutoka ng'ambo ya mashamba ya pamba, akasimama. Mtoto atavuta fimbo, akidhani babu amechoka. Na babu, asiyeona kitu, atakuwa ndiye wa kwanza kuliona shimo. Ataiachia ncha yake ya fimbo, amwambie mjukuu akimbie asichelewe, kisha akae chini ya mti amngojee, na mbwa amlalie miguuni.